Nyumba ya Pili: Lipi Litangulie?

Barua zilizotufikia mwezi huu zinatoka kwa wasomaji ambao tayari wana makazi, lakini familia imekua na nyumba imebaki ile ile. Nimechagua tano. Nimeziweka pamoja kwa sababu zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza lipi litangulie, na hasara nyingi ninazosimuliwa na wanunuzi wa Nairobi zilianza pale jambo la tatu lilipofanywa kabla ya la kwanza.

Tuuze kwanza au tununue kwanza?

*Tunaishi Donholm katika fleti ya vyumba viwili vya kulala tuliyoinunua kwa mkopo wa benki mwaka wa 2013. Watoto sasa ni watatu, na mama yangu mzazi amehamia kwetu ili awe karibu na hospitali. Tunataka nyumba ya vyumba vinne upande wa Syokimau. Mke wangu anasema tuuze fleti kwanza. Mimi naona tununue, tuhamie, fleti tuipangishe, kisha tuiuze baadaye bei ikipanda. Nani yuko sahihi?* – Baba wa watoto watatu, Donholm

Ndugu yangu, hoja ya mkeo ina uzito kuliko pengine yeye mwenyewe anavyojua. Kodi ya faida inayotokana na kuuza nyumba hulipwa na muuzaji, na tangu Januari 2023 kiwango chake kimepanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15. Sheria hiyo hiyo humsamehe mtu anayeuza nyumba ambayo ameishi mwenyewe, mfululizo, kwa miaka 3 iliyotangulia mauzo hayo. Leo mnastahili msamaha huo. Siku mtakapohama na kumkabidhi mpangaji ufunguo, mfululizo unakatika. Tuseme fleti mliinunua kwa shilingi milioni 4.5 na mkaiuza baadaye kwa milioni 8.5: faida ni milioni 4 kabla ya kutoa gharama zinazokubaliwa, na kodi yake ni kama shilingi 600,000. Kodi ya pango atakayowalipa mpangaji itachukua muda mrefu kuzirudisha fedha hizo, hasa ukikumbuka kwamba nayo hutozwa asilimia 7.5 na serikali kila mwezi, na kwamba mpangaji akiondoka, wewe ndiye unayebaki ukilipia mkopo na ada ya huduma ya jengo.

Kama mngekuwa mmeamua kuishikilia fleti hiyo kwa miaka 20 iwe mradi wa familia, ningezungumza kwa namna nyingine. Lakini kupangisha kwa nia ya kuuza baadaye kunawapa mzigo wa njia zote mbili.

Anzeni basi na maandalizi ya kuuza, hata kabla ya kutembelea nyumba ya kwanza Syokimau. Iombeni benki iwaandikie kiasi cha deni kilichobaki na muda inaohitaji ili kuifungua rehani baada ya deni kulipwa. Kisha angalieni hati mliyo nayo. Ikiwa fleti yenu ingali chini ya mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu, fahamuni kwamba sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inataka mikataba hiyo igeuzwe kuwa hati kamili ya kila nyumba, na mnunuzi anayekopa anaweza kukataliwa na benki yake hadi jambo hilo likamilike. Kazi hiyo inahusu jengo zima na majirani wote, kwa hiyo huchukua muda, na ni afadhali uwapitie majirani hao sasa ukiwa huna haraka.

Kuhusu tarehe, mkataba wa kawaida wa mauzo hapa kwetu huwa na malipo ya kwanza ya asilimia 10 na kipindi cha siku 90 cha kukamilisha. Wakili wenu apange mkataba wa kununua ukamilike wiki kadhaa baada ya ule wa kuuza. Fedha zikichelewa upande mmoja, msijikute mmevunja mkataba upande wa pili na kupoteza malipo ya kwanza. Ikibidi mpange nyumba kwa miezi miwili au mitatu katikati, pangeni. Najua kuhama mara mbili na mama mgonjwa kunachosha, na sisemi hivyo kwa wepesi, lakini mikopo miwili kwa mwaka mzima inachosha zaidi.

Wekeni pia kando ushuru wa stempu, ambao ni mzigo wa mnunuzi: asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya mji. Kwa nyumba ya shilingi milioni 14 hiyo ni shilingi 560,000, bila ada ya wakili na ya mthamini, na mara nyingi benki haiwakopeshi fedha hizo.

Tukague nini hasa?

*Tumetembelea nyumba kumi na moja tangu Januari. Zote zinapendeza, na kila jioni tunarudi nyumbani tukiwa hatujui tulichokiona. Tufanyeje?* – Mama, Lang'ata

Mama, huenda mmezitembelea zote Jumamosi mchana, jua likiwaka na dalali akitembea mbele yenu. Rudini kwenye zile mbili mnazozipenda zaidi, na mrudi kwa saa nyingine.

Nitakusimulia nilichokiona miaka miwili iliyopita nilipomsindikiza mpwa wangu kwenye nyumba moja karibu na Barabara ya Mombasa. Ilikuwa imepakwa rangi upya, na mpwa wangu alikuwa amekwisha kuipenda tangu langoni. Nilipousukuma mlango wa chumba cha kulala cha chini ukakwama katikati. Nikainama, nikaona juu ya vigae mkwaruzo mwembamba wenye umbo la upinde, kama uliochorwa kwa bikari, pale ambapo mlango ulikuwa umesugua sakafu kwa muda mrefu. Bawaba zilikuwa imara na mlango haukuwa umeshuka. Sakafu ndiyo iliyokuwa imepanda. Tukaomba kabati la nguo lisogezwe, na muuzaji akasita kidogo kabla ya kukubali. Nyuma yake ufa ulikuwa umepanda ukutani ngazi kwa ngazi, ukifuata viungio vya mawe, na karibu na dari ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza ncha ya kidole changu cha mwisho.

Chanzo chake ni ule udongo mweusi unaonata viatuni, uliotanda Embakasi, South C, Syokimau hadi Athi River. Mvua ikinyesha huvimba, na kiangazi kikija hunywea na kupasuka, na nyumba iliyosimama juu yake hupanda na kushuka nao kila mwaka. Mjenzi makini huuchimba wote akautoa, akajaza murram au akaufikisha msingi kwenye mwamba. Muulize muuzaji ni lipi lililofanywa na aoneshe michoro, kisha mlipe mhandisi wa majengo aje atazame mwenyewe. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni jambo la kawaida, lakini ufa unaofuata viungio vya mawe, au unaoanzia kwenye pembe ya dirisha, msiununue kabla ya kusikia neno la mhandisi.

Jambo la pili ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, na mgao hauwi sawa kwa kila mtaa. Msiulize kama kuna maji, kwa sababu jibu ni ndiyo kila mahali. Ulizeni yanakuja siku gani na yanadumu saa ngapi, kisha mpande juu mkafungue mfereji wa bafu la ghorofani. Palipo na kisima cha mtaa, chukueni chupa ya maji mkaipime maabara, kwa kuwa maji mengi ya chini ya ardhi huku Nairobi, Athi River na Kitengela yana floridi nyingi. Ukiwaona watoto wa mtaa huo wanacheka na meno yao yana madoa ya kahawia, umekwisha kupata nusu ya jibu. Wako wadogo watayanywa maji hayo katika miaka ambayo meno yao ya utu uzima yanajengeka.

Maji taka nayo yana swali lake. Mitaa mingi mipya haijafikiwa na mabomba ya jiji, hivyo ulizeni shimo liko wapi, liko umbali gani na kisima, na lori la kulinyonya huja mara ngapi.

Nendeni msimu wa masika ikiwezekana, na kama hauwezekani, zungumzeni na mlinzi wa lango na mama anayeuza mboga nje yake, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji yalifika wapi Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipolikumba jiji na serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa kando ya mito. Kijito kilichokauka Februari bado ni kijito. Nyumba inayokiegemea msiichukue hata kwa nusu ya bei.

Mwisho, mfanye safari moja kamili ya siku ya kazi: muondoke kwenye nyumba hiyo saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, mpitie shule ya watoto, mfike kazini, na jioni mrudi. Ikiwa ratiba yenu inawezekana tu kwa kupitia barabara ya juu ya kulipia inayotoka Mlolongo hadi Westlands, ihesabuni ada hiyo pamoja na malipo ya mkopo. Na ndugu wa Donholm, ukisoma hapa, hakikisha kuna chumba cha kulala na bafu sakafu ya chini. Mama yako hatapanda ngazi kumi na nne kila usiku, na nyumba nyingi za ghorofa moja katika mitaa hiyo zina choo tu chini, bila mahali pa kuogea.

Muuzaji anataka arubuni kabla ya Ijumaa

*Mimi ni mwalimu. Tumepata nyumba nzuri Ruai kwa bei iliyo chini ya nyumba za jirani. Muuzaji ametupa nakala ya hati, na anataka arubuni ya shilingi 300,000 kwa njia ya simu kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna mnunuzi mwingine. Mume wangu yuko tayari kulipa. Nina wasiwasi.* – Mwalimu, Kahawa West

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi, na nakusihi umwoneshe mume wako jibu hili leo. Msilipe. Huenda muuzaji ni mwaminifu kabisa. Hata hivyo mwaminifu hapotezi chochote kwa kusubiri wiki moja.

Nakala ya hati haithibitishi kitu. Kinachotakiwa ni upekuzi rasmi kwenye rejista ya ardhi, ambao kwa Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Upekuzi utawaonesha jina la mmiliki, aina na muda wa umiliki, na kama kuna rehani au zuio lililowekwa. Jina likiwa la mtu mwingine au la kampuni, ama mkiambiwa kwamba hati bado inashughulikiwa na kilichopo kwa sasa ni cheti cha hisa cha kampuni iliyonunua shamba zamani, simameni hapo. Upande wa mashariki wa jiji umejaa watu waliojenga nyumba za mawe juu ya vyeti hivyo na wangali wanangoja.

Lakini hata upekuzi ukiwa safi, wakili wenu arudi nyuma hadi chimbuko la hati: ardhi ilikuwa ya nani mwanzo, nani alimgawia nani, na kwa utaratibu gani. Zamani ilidhaniwa kwamba mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa na hati aliyoikuta. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Upeo iliamua, katika kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, kilichokuwa kimetengwa kwa matumizi ya umma, kwamba hati ni tokeo la mchakato, na mchakato ukiwa na kasoro tangu mwanzo, mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa hati pekee. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 40, hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Wakazi wa Syokimau waliobomolewa nyumba zao Novemba 2011, kwenye ardhi ambayo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilisema ni yake, hawakuwa wavamizi waliojenga usiku. Wengi wao walikuwa na makaratasi mikononi. Bado nawafikiria kila ninapoambiwa kwamba hati ipo na hiyo inatosha.

Mpima ardhi naye aende na ramani ya upimaji, ayatafute mawe ya mpaka moja baada ya jingine, athibitishe kwamba nyumba mliyooneshwa imesimama kwenye ploti iliyoandikwa katika hati. Muuzaji atoe vyeti vya kutodaiwa ada za kaunti na kodi ya ardhi ya serikali, michoro ya ujenzi iliyoidhinishwa, na ridhaa ya maandishi ya mke au mume wake ikiwa hiyo ni nyumba ya familia, kwa kuwa bila ridhaa hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa.

Baada ya hayo yote ndipo ulipaji unapoanza. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na ushuhudiwe, na zile asilimia 10 ziende kwenye akaunti ya wakili, ambaye atazishikilia hadi masharti yatimizwe. Wakili awe wenu. Wakili mmoja anayewakilisha pande mbili ili kupunguza gharama ndiye ghali kuliko wote siku mtakapokosana.

Kwa wasomaji wanaotazama mbali zaidi, Kitengela au Juja, ambako ardhi bado imesajiliwa kuwa ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Ikikosekana, mkataba hauna nguvu.

Niguse akiba ya uzeeni?

*Umri wangu ni miaka 44. Nimepungukiwa na fedha za nyumba. Nimesikia naweza kutumia akiba yangu ya uzeeni. Je, ni busara?* – Msomaji, South B

Ni kweli kwamba kanuni za 2020 zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa uzeeni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isizidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Mimi ningeiacha iwe ya mwisho, ya kuziba pengo dogo baada ya kuuliza kwingine kote. Anza na benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyopata fedha kutoka Kampuni ya Kenya ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, kwa kuwa vingine hukopesha kwa riba iliyo chini ya asilimia 10. Na riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe hupunguza mapato yako yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka.

Kabla ya kutia sahihi popote, weka kila mwezi, kwa miezi sita, tofauti iliyopo kati ya unacholipia makazi sasa na malipo ya mkopo unaoutaka. Sheria ya ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, lakini hiyo haina maana kwamba familia inaweza kuishi kwa theluthi moja. Mwezi wa karo ndio utakaokuambia ukweli. Ukiuvuka bila kuigusa ile akiba ya majaribio, omba mkopo huo kwa moyo mweupe.

Jina la nani liandikwe?

*Sehemu kubwa ya fedha zetu inatoka kwenye biashara yangu ya nguo Gikomba. Mume wangu anasema jina lake linatosha kwenye hati kwa kuwa tumeoana.* – Mama, Umoja

Dada yangu, liandikwe jina lako pia. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa mwenye jina anaishikilia kwa niaba ya mwenzake pia, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na Januari 2023 Mahakama ya Upeo ilisema wazi kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja huthibitisha mchango wake, wa fedha au usio wa fedha. Tunza basi kumbukumbu za benki na za M-Pesa zinazoonesha fedha zilivyotoka kwenye biashara.

Mnaweza kuwa wamiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa aliye hai, au wamiliki wa mafungu, ambapo kila mmoja ana fungu lake lililotajwa kwenye hati, na fungu hilo huingia katika mirathi yake. Kwa mume na mke wenye watoto wao wenyewe, mimi hupendelea ule wa kwanza, kwa sababu mjane au mgane hahitaji kungoja kesi ya mirathi ili aendelee kulala nyumbani kwake. Palipo na watoto wa ndoa ya awali, mafungu huwa ya haki zaidi.

Zungumzeni mezani nyumbani, kwa utulivu, kisha mumweleze wakili mliloamua siku ya kwanza mnayokwenda kwake, kabla hajaandika rasimu ya mkataba. Kuliongeza jina baada ya usajili ni uhamisho mwingine, wenye fomu zake na foleni yake, na unahitaji sahihi ya yule aliyekwisha kuandikwa.